Kimbunga Kilichokosa Saini Tatu

Kwa furaha kubwa, na kwa idhini ya mamlaka zote zinazohusika, Wizara ya Matarajio inautangazia umma wa visiwa vyetu kwamba kashkazi ya mwaka huu imekubaliwa. Itaanza tarehe mosi Novemba, saa mbili za asubuhi, ofisi zitakapofunguliwa. Joto halitazidi digrii ishirini na tisa. Mvua zitanyesha kwa adabu, kiasi cha kujaza mabirika na si zaidi. Dhoruba hazitakuwepo.

Tangazo hilo nililiandika mimi, Oumouri, Mkurugenzi wa Matarajio ya Majira, na nikalisoma mimi mwenyewe kwenye redio ya Moroni kwa sauti yangu hii ambayo wengi wameisifu. Ulikuwa mwaka wa tano tangu wale askari wa kukodiwa, Wazungu, waingie nchini na kutuwekea serikali. Ripoti hii naiandika kwa Kiswahili kwa sababu nilikulia Unguja, na pia kwa sababu Waziri wangu hajui kukisoma. Sababu hiyo ya pili naomba isitiliwe maanani.

Kwanza nieleze habari ya fomu. Fomu zetu zililetwa na Meja Gaspard, mmoja wa askari hao, ambaye serikali ilimteua kuwa Mshauri wa Usalama wa Anga. Alizitoa kwao, mabaki, maboksi kumi na manne. Juu zimeandikwa: Matarajio ya Kiangazi kwa Eneo la Tambarare, Kuanzia Dhoruba Hadi Joto. Chini pana nafasi ya kujaza hali ya ngano. Sasa sisi ngano hatuna, na tambarare hatuna. Tuna mlima wa moto, Karthala, umetukalia utosini. Tulifanya kikao siku mbili. Ikaonekana kwamba kubadilisha fomu ni kazi ngumu mno, kubadilisha nchi ni rahisi zaidi, ikapitishwa kuwa Ngazidja, kisiwa chetu hiki, ni tambarare yenye mwinuko. Kuhusu ngano, kila wiki nilijaza "inaendelea vizuri", na sijapata kusikia malalamiko.

Meja alikuwa mtu makini sana. Alituambia katika semina kwamba kitu chochote kinachoingia nchini kutoka baharini, bila taarifa na bila kibali, huo ni uvamizi. Tulitazamana, maana yeye na wenzake waliingia kutoka baharini, watu wamelala, na sikumbuki kama kuna aliyepewa taarifa. Lakini ndio utaalamu huo. Mtu huzungumzia jambo analolijua.

Digrii ishirini na tisa nazo zilikuwa na hekima yake. Kanuni za kazi za wizara zilisema joto likifika thelathini watumishi waende nyumbani, na Waziri hakupenda watumishi waende nyumbani. Kwa hiyo kipimajoto kilifungiwa kabatini na ufunguo akakaa nao yeye. Mpiga chapa wetu, Bi Moinahalima, alizirai mara mbili mwezi wa Desemba, uso umemwiva, jasho linamchuruzika mpaka kwenye mashine. Nikaandika kwenye jalada lake kwamba alizidiwa na furaha ya kazi. Hakunisemesha wiki nzima, na sikumlaumu.

Basi kwa nini dhoruba zilipigwa marufuku mwaka huo hasa? Kwa sababu Bwana Waziri Saïndou alikuwa anaoa.

Mke alikuwa naye, wa miaka kumi, na watoto. Lakini hiyo ni ndoa ndogo. Kwetu Ngazidja mwanamume huhesabiwa kwa harusi kubwa, anda, ile ya kulisha mji mzima nyama na wali mpaka mji useme basi. Asiyefanya anda, hata awe na mvi na gari la bendera, barazani ni mtoto wa mji. Haruhusiwi kusema neno. Bwana Waziri asubuhi alihutubia taifa. Jioni akifika barazani kwao hukaa nyuma, karibu na viatu, kimya, na Mzee Mmadi muuza samaki, ambaye anda yake aliifanya zamani, humwambia asogee kidogo apishe upepo. Jambo hilo lilimkera Waziri. Tuliliona likimkera hata akisaini barua.

Anda watu huzifanya Julai na Agosti, hewa imepoa na jamaa wa Ufaransa wamekuja likizo. Waziri akachagua Februari. Watu wa nje wakashangaa kwa nini asingoje Agosti kama wenzake. Sisi wa serikalini hatukushangaa, maana Agosti ni mbali na hakuna aliyekuwa na hakika ya kuwa Waziri mpaka huko.

Ndipo ukatoka Waraka Namba Saba. Waraka ulisema: dhoruba yoyote itatambuliwa endapo tu imethibitishwa kwa saini za watu wazima watatu, yaani waliokwisha kufanya anda. Wizarani mtu mzima nilikuwa mimi peke yangu. Wa pili angekuwa Waziri, baada ya harusi. Wa tatu Meja, ambaye angehesabiwa mtu mzima wa heshima siku hiyo hiyo ya harusi. Kwa hiyo kisheria dhoruba isingeweza kutokea kabla ya Waziri kuoa. Nilikuwa nimeandika waraka huo mwenyewe na niliuona ni mzuri.

Aliyeusumbua waraka alikuwa Chanfi, mpimaji wetu wa Mutsamudu, kisiwa cha Ndzuani. Miaka kumi na miwili amekaa na barometa yake pale, mtu mwembamba, mpole, hajapata kukosea hata mara moja, na hapo ndipo lilipokuwa tatizo lake. Alikuwa na mke mmoja na ndoa ndogo. Kila alipoleta taarifa ya upepo mbaya, tuliirudisha na muhuri mwekundu: INARUDISHWA. MWANDISHI HAJAFANYA HARUSI KUBWA. Chanfi aliipokea, akaiweka, akaleta nyingine. Hakuwahi kutujibu vibaya.

Harusi ilipangwa Alhamisi. Ng'ombe thelathini wa karamu walinunuliwa Ndzuani, na Jumatano asubuhi wangesafirishwa kwa boti la injini kutoka Mutsamudu kuja Moroni, pamoja na mchele na abiria sitini. Katika orodha ya abiria, namba kumi na tisa, alikuwamo Mounira, mwanangu, mwanangu wa pekee, mwalimu wa skuli huko Mutsamudu anakokaa na shangazi yake Batoul. Waziri mwenyewe alimwomba aje kuongoza kaswida. Niliona fahari. Nilimwonyesha kila mtu ile orodha.

Jumanne asubuhi ikaja simu ya maandishi ya Chanfi. Sindano imeshuka tangu jana bila kupumzika, aliandika. Upepo umegeuka. Nakuomba boti lisiondoke kesho.

Nilikwenda kwenye barometa yangu. Nayo imeshuka. Nikaigonga kioo kwa kidole, kama tunavyofundishwa, ikashuka tena. Siku hiyo kwa mujibu wa wizara ilikuwa ya digrii ishirini na tisa na kwa mujibu wa shati langu ilikuwa thelathini na tano. Nilichukua ile karatasi nikaenda ofisini kwa Waziri. Nilimkuta anajaribisha joho la harusi, limedariziwa mpaka halikunjiki, na Meja Gaspard anamshikia kioo.

"Bwana Waziri," nikasema, "kuna kimbunga kinakuja."

"Kina saini ngapi?"

"Moja. Yangu, ukiniruhusu."

Meja akauliza kinatokea wapi. Nikamwambia kaskazini mashariki, baharini. Akauliza kama kimeomba kibali. Nikasema hapana, Bwana Meja.

"Basi hakiingii," akasema, akarudi kwenye kioo.

Nikavunja adabu ya kazi. Nikasema mwanangu yumo kwenye boti hilo. Waziri akanigeukia, akaniwekea mkono begani, na nakiri alikuwa na huruma ya kweli usoni.

"Oumouri, ndugu yangu. Wewe una mtoto mmoja humo. Mimi nina ng'ombe thelathini. Unadhani ningewahatarisha?"

Akaichukua karatasi ya Chanfi, akaipiga muhuri mwekundu kwa mkono wake, ikatiwa kwenye bahasha na kuondoka na ndege ya mchana kurudi Mutsamudu. Kisha akaniagiza jioni nisome shwari. Niisome vizuri, watu wa Mutsamudu waisikie, nahodha asije akasita. Nikasema ndiyo, Bwana Waziri. Miaka ishirini na mbili ya utumishi, sijui kusema kitu kingine.

Nyumbani nilimkuta mke wangu, Saandia, anakunja vitambaa. Ana genge lake Volo Volo, sokoni, na siku hiyo alifunga mapema. Akaniuliza juu ya boti, nikamweleza. Alikikunja kitambaa kile kile mara tatu. Nilidhani atalia. Hakulia. Aliniambia kitu ambacho, kama afisa, ilipasa niwe nimekijua.

Alisema Volo Volo hakuna anayeiamini redio, lakini kila mtu anaisikiliza. Wanapima sifa. Nikisema shwari, wanaanika nguo. Nikisema shwari kabisa, wanaanua. Januari, niliposema shwari kabisa na ya kupendeza, walipandisha magunia ya mchele juu ya meza, na kweli maji yaliwafika magotini.

Nilihisi nimeumbuka. Miaka yote hiyo nilijiona natumikia umma, kumbe umma ulikuwa unanisoma kinyumenyume na unafaidika. Nikamuuliza kama na watu wa Mutsamudu wanafanya hivyo.

"Wao ndio waliotufundisha," akasema. Akaweka kitambaa chini. "Kaisifu hiyo bahari, baba Mounira. Isifu kama hujapata kuisifu."

Saa kumi na mbili za jioni nilikaa mbele ya kipaza sauti. Mlangoni walisimama askari wawili wa Gadi, kikosi cha ulinzi wa serikali, kuhakikisha nasoma nilichoagizwa. Nilisoma nilichoagizwa. Nilisema bahari baina ya Ndzuani na Ngazidja kesho itakuwa shwari. Itakuwa shwari kabisa. Itakuwa shwari kuliko shwari zote zilizopata kutolewa na wizara hii tangu kuundwa kwake. Itakuwa ya kupendeza, ya kuburudisha, ya kutia moyo wa uzalendo. Mzazi anaweza kumwogesha mtoto wake mchanga katikati ya mlango wa bahari na akamwacha hapo akaenda sokoni. Kwenye neno mtoto sauti ilinikatika, ikabidi nikohoe. Joto digrii ishirini na tisa, nikamalizia. Ngano inaendelea vizuri.

Waziri alinipigia simu papo hapo. Alisema hajapata kuona agizo lake likitekelezwa kwa moyo namna ile, na kwamba machozi yalimlengalenga.

Haikupita nusu saa, mji mzima ukaanza kugonga misumari. Kamba ziliisha Volo Volo. Wavuvi wa bandari ya zamani waliyabeba maboti yao mabegani mpaka ndani ya vichochoro vya mtaa wa Badjanani, wakayabana ukutani, na wanaokwenda kusali magharibi wakawa wanapita kwa kuyapanda. Meja alipita na gari akauliza kuna nini. Nilimjibu kwamba wananchi wamefurahia tangazo na wanapamba mji kwa ajili ya harusi. Akaandika kwenye kijitabu chake.

Jumatano alfajiri waya wa simu baina ya visiwa ukakatika. Mchana boti halikuja. Jioni halikuja. Hapo, msomaji wangu, ndipo nilipoujua uzito wa kazi yangu. Boti lisilokuja ama halijaondoka ama limezama, na mimi ndiye niliyesoma habari. Nilisimama bandarini nikitazama maji yanavyopanda, nikawa najiuliza kama nimesifu vya kutosha. Saandia alinifuata akanishika mkono akanirudisha ndani. Hatukuweza kula.

Alhamisi asubuhi upepo ulikuwa unavuta mabati kama mtu anayefungua mkebe. Waziri hakuahirisha. Alisema ng'ombe wamechelewa kidogo tu, na harusi iliyotangazwa na serikali haiahirishwi kwa uvumi. Uwanjani, mbele ya bandari ya zamani, askari wa Meja walikuwa wamesimamisha hema la karamu. Lilishonwa kwa miamvuli kumi na miwili ya kurukia kutoka kwenye ndege, hariri tupu, nyeupe, la kupendeza kweli. Viti mia sita. Waliokuja tulikuwa Waziri ndani ya joho lake, Meja, askari ishirini na mimi, niliyelazimika kwa cheo changu. Mji ulikuwa umejifungia, kimya, kila paa na kamba yake.

Saa nne kimbunga kikaingia bila kibali. Miamvuli ile ikafanya kazi iliyoumbwa kuifanya: ikajaa upepo, ikanyanyuka. Meja alitoa amri hema lishikwe. Askari walikuwa na akili, waliachia. Meja hakuachia. Nilimwona kwa macho yangu akipaa, buti zake zikipita juu ya safu ya viti vya wageni wa heshima, juu ya ukuta, mpaka akatua kwenye maji ya bandari. Akatoka baharini kwa miguu yake, ameloa chepechepe, kwa mara ya pili katika maisha yake bila taarifa. Waziri tulimkuta chini ya meza ya maharusi, joho limemfunika kichwa. Aliniuliza joto ni digrii ngapi. Nikamjibu ishirini na tisa.

Siku ya Jumamosi waya ukaungwa. Karatasi ya kwanza kupita ilikuwa ya Chanfi. Aliandika: Boti limevunjika gatini, tupu. Abiria wote wako majumbani. Mounira yuko kwa shangazi yake, anakusalimu, anasema ulikohoa, unywe tangawizi.

Nilikaa sakafuni ofisini nikalia kwa sauti. Bi Moinahalima akaniletea maji, akaandika kwenye karatasi, akanisomea: Mkurugenzi amezidiwa na furaha ya kazi. Nilistahili.

Baadaye nilisimuliwa yote. Jumanne ile ng'ombe walikuwa wameshapakiwa. Makuli wa Mutsamudu waliposikia habari ya kuogesha mtoto mchanga, walitazamana, wakaanza kushusha. Sajenti wa Gadi akawauliza mnashusha nini na redio imesema shwari.

"Ndiyo maana," akamjibu kiongozi wao, mzee Ridjali. "Kwa shwari hii hakuna haraka. Kesho kutwa itakuwepo pia."

Sajenti alitafuta kosa katika maneno hayo hakuliona. Baada ya kimbunga, wengi wa Mutsamudu walikuwa hawana mapaa wala chakula. Ng'ombe thelathini wakachinjwa, mchele ukapikwa, mji ukala siku tatu, na kila aliyekula alimwombea dua Chanfi, kwa sababu ndiye aliyefungua mlango wa kituo chake wakapikia humo.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, baraza lilikaa. Waziri Saïndou alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha mbele. Mzee Mmadi muuza samaki akamuuliza amekaa hapo kwa anda ipi. Waziri akasema kimbunga kiliharibu harusi, na hilo si kosa lake, kila mtu alikiona.

"Kimbunga gani?" akauliza Mzee Mmadi. "Redio ilisema shwari. Mkurugenzi yuko hapa. Oumouri, katika daftari la serikali mna kimbunga?"

Nilisimama. Nina haki ya kusimama, anda nimefanya. Nilifungua daftari mbele ya baraza zima, ingawa nililijua kwa moyo.

"Hakimo, Mzee. Jumatano shwari, Alhamisi shwari. Hakuna saini hata moja ya dhoruba."

"Basi," akasema Mzee Mmadi, "kama hakukuwa na kimbunga, huyu kijana aliuita mji kwenye karamu siku ya shwari, na hakuchinja hata kuku."

Kijana akarudishwa nyuma, karibu na viatu. Akaambiwa asogee kidogo.

Jumatatu Waziri alikuja ofisini kwangu kwa miguu yake, jambo ambalo halijatokea katika historia ya wizara. Aliniomba, kwa sauti ya chini, nikiingize kimbunga daftarini. Kikiwa rasmi, baraza litamhurumia, pengine litampa nafasi ya kulisha Agosti. Nilimfungulia Waraka Namba Saba. Saini yangu naitoa, nikamwambia, tena kwa furaha. Ya kwako haifai, kwa kuwa hujawa mtu mzima. Ya Meja ilitegemea harusi yako, na isitoshe yuko kitandani na mafua. Njia moja tu imebaki, kifungu cha nne: dhoruba yaweza kutambuliwa bila saini endapo itapatikana taarifa halisi ya mpimaji, iliyoandikwa kabla ya tukio. Taarifa hiyo ipo. Uliirudisha Mutsamudu mwenyewe, na ndege ya mchana.

Alikaa kwenye kiti changu akaandika barua kwa mkono wake. Alianza na "Mheshimiwa Bwana Chanfi", akafuta, akaandika tena "Mheshimiwa sana". Alimwomba, tafadhali, kwa hisani yake, airejeshe ile karatasi. Aliandika kurasa mbili, na mwisho akasaini kwa vyeo vyake vyote.

Jibu lilichukua siku tisa. Waziri alilingoja kila asubuhi mlangoni kwangu, analoa jasho, mpaka akatoa ufunguo wa kabati ili tujue ni digrii ngapi. Zilikuwa thelathini na sita. Siku ya tisa bahasha ikaja. Ndani mlikuwa na barua yake mwenyewe, kurasa zote mbili, imekunjwa vizuri. Chanfi hakuongeza neno. Alikuwa amechonga muhuri kwa mpira wa kandambili, herufi zimepinda kidogo lakini zinasomeka, akaupiga kwa wino mwekundu juu ya saini ya Waziri:

INARUDISHWA. MWANDISHI HAJAFANYA HARUSI KUBWA.